Elimu ya mazingira yatoka ubaoni, yaingia shambani

MFUKO wa plastiki wa rangi ya bluu ni kitu kidogo, lakini katika mashamba makubwa ya ndizi ya Amerika ya Kati umezua lawama nyingi kati ya wafanyabiashara na watetezi wa mazingira.

Mkungu unapochomoza, mfanyakazi huuvika mfuko huo na kuuacha hadi siku ya mavuno. Kazi yake ni kuzuia wadudu na kuyakinga maganda yasichubuliwe na majani, kwa kuwa mnunuzi wa Ulaya na Marekani hukataa ndizi yenye alama. Ili wadudu wasisogee, mifuko hiyo hutiwa dawa kiwandani kabla ya kuuzwa.

Tatizo lilijitokeza baada ya mavuno. Kila mkungu uliacha mfuko mmoja, na shamba kubwa huvuna maelfu kwa maelfu ya mikungu kila mwaka. Mifuko ikatupwa kando ya mitaro, mvua ikaisomba hadi mitoni, na mito ikaipeleka baharini ikiwa bado na mabaki ya dawa.

Katika hali hiyo, chuo kimoja cha kilimo nchini Costa Rica, kiitwacho EARTH, kiliamua kulifanya tatizo hilo kuwa somo. Wanafunzi wake hawakuishia kuandika maelezo ya mwalimu na kuyarudisha kwenye mtihani. Waliingia shambani, wakashika panga na jembe, kisha wakapiga hesabu ya faida na hasara.

Habari za chuo hicho zinamhusu pia mkulima wa Afrika Mashariki. Bwana shamba anayefika kijijini huja na kile alichofundishwa chuoni. Akiwa amefundishwa kupiga dawa tu, atamshauri mkulima apige dawa. Akiwa amefundishwa kuangalia udongo, maji na mfuko wa mkulima kwa pamoja, ushauri wake utakuwa mwingine.

Nchi iliyomaliza misitu yake

Costa Rica ni nchi ndogo. Tanzania inaizidi kwa eneo zaidi ya mara 18. Kwa miaka mingi uchumi wake ulitegemea kahawa, ndizi na ng'ombe wa nyama.

Misitu ilikatwa kupisha malisho na mashamba, kiasi kwamba kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imebaki katika takriban robo tu ya nchi.

Vibarua wa mashamba ya ndizi nao waliumia. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilitumika dawa iitwayo DBCP, ya kuua minyoo midogo ya udongoni inayokula mizizi ya migomba. Mwaka 1977 iligundulika nchini Marekani kwamba wanaume waliokuwa wakiitengeneza kiwandani walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa.

Maelfu ya vibarua wa Costa Rica na nchi nyingine zinazolima ndizi walidai kupata madhara hayohayo. Kesi zao ziliendelea mahakamani kwa miaka mingi.

Chuo cha EARTH kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1990. Kipo Guácimo, katika jimbo la Limón, upande wa bahari ya Karibi, ambako mvua huzidi milimita 3,000 kwa mwaka. Serikali ya Costa Rica, shirika la misaada la Marekani, USAID, na Wakfu wa W.K. Kellogg walichangia kukianzisha.

Lengo lake lilikuwa kuandaa vijana watakaolima katika nchi za joto na mvua nyingi bila kumaliza ardhi wanayoitegemea.

Nchi yenyewe pia ilibadilika. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba, na ikaweka utaratibu wa kuwalipa wenye ardhi wanaotunza miti. Sehemu ya fedha hizo ilitokana na kodi ya mafuta ya magari. Hivi sasa misitu inafunika zaidi ya nusu ya Costa Rica.

Shamba la ndizi lawa darasa

Katika ardhi ya chuo kulikuwa na shamba la ndizi za kuuza nje. Chuo kinachojitangaza kwa mazingira kingeweza kung'oa migomba hiyo na kupanda miti, kikapigwa picha na kusifiwa.

Uongozi, chini ya mkuu wa kwanza wa chuo, José Zaglul, haukufanya hivyo. Uliendelea na biashara ya ndizi, na wanafunzi wakajifunza juu ya zao lilelile lililokuwa likilaumiwa.

Mifuko yenye dawa ya viwandani ilibadilishwa ikawekwa mifuko iliyotiwa pilipili kali na kitunguu saumu, vitu ambavyo harufu yake hufukuza wadudu. Mifuko iliyotumika hukusanywa ili plastiki yake itengenezewe vitu vingine.

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu na kazi yake kuishia hapo. Kwa hiyo katika kila mavuno, kitu kikubwa kinachobaki shambani na kwenye banda la kufungashia ni takataka: magogo, majani, mabua ya mikungu na ndizi zilizokataliwa.

Chuoni EARTH, nyuzi za mabua hayo zilitumika kutengenezea karatasi. Mabaki mengine yaligeuzwa mboji kwa kutumia vijidudu hai vinavyoharakisha kuoza, kisha yakarudishwa kwenye udongo.

Sokoni, juhudi hizo zilikuwa na thamani. Maduka ya Whole Foods Market nchini Marekani yaliuza ndizi za chuo hicho kwa wateja wanaotaka kujua zao limelimwaje na nani. Mapato yake yakasaidia kusomesha vijana ambao wazazi wao wasingemudu karo.

Hata hivyo, si kila kitu kilifanikiwa. Ndizi za kuuza nje hushambuliwa na ugonjwa wa majani uitwao sigatoka nyeusi, na katika maeneo ya mvua nyingi mashamba makubwa hupigwa dawa ya ukungu mara 40 au zaidi kwa mwaka. Shamba la chuo halikuweza kuachana kabisa na dawa hizo.

Hilo nalo ni somo. Mwanafunzi huona kwa macho yake mahali ambapo nia njema hugongana na ugonjwa pamoja na matakwa ya soko. Hujifunza kupunguza dawa hatua kwa hatua, kwa vipimo na kumbukumbu, badala ya kumwahidi mkulima mambo ambayo hayatekelezeki.

Mwanafunzi akopa, aanzisha kampuni

Kuna jambo jingine chuoni hapo ambalo mfanyabiashara mdogo angelielewa haraka kuliko profesa.

Katika mwaka wa kwanza, wanafunzi hujigawa katika vikundi vidogo na kila kikundi huanzisha kampuni. Huchagua cha kuzalisha, huandika mpango wa biashara, na huenda mbele ya chuo kuomba mkopo. Mkopo huo ni wa fedha halisi na una riba.

Kabla ya kupewa fedha, ni lazima waeleze pia biashara yao itafanya nini kwa ardhi, maji na watu wanaowazunguka. Kikundi kinachotaka kufuga nguruwe, kwa mfano, hakina budi kuonyesha mavi yatakwenda wapi.

Wanafunzi huendesha kampuni hiyo huku wakiendelea na masomo. Mwishowe huifunga, hulipa deni na kugawana faida kama ipo. Wakipata hasara, nayo ni yao.

Kwa utaratibu huo, mazingira huingia kwenye daftari la mahesabu. Samadi iliyoachwa ikatiririka mtoni ni mbolea iliyopotea, kesho ikanunuliwa nyingine dukani. Udongo uliosombwa na mvua ni mtaji ulioondoka bila risiti.

Mkulima mwenye ekari mbili anaijua hesabu hiyo, ingawa mara nyingi haiandiki. Mwaka ambao mvua imechukua udongo wa juu, mavuno hupungua na yeye huongeza mfuko wa mbolea. Fedha ya mfuko huo ndiyo bei ya mmomonyoko.

Samadi yapika chakula

Mfano mwingine ni mtambo wa gesi ya samadi. Watu wengi wanapousikia hufikiria shimo la matofali na saruji ambalo gharama yake humzidi mfugaji mdogo.

Mwaka 1987 wataalamu wawili, Raúl Botero na Thomas Preston, walitoa mwongozo wa kutengeneza mtambo wa bei nafuu kwa kutumia mfuko mrefu wa plastiki uliolazwa kwenye mtaro. Samadi iliyochanganywa na maji huingia upande mmoja, gesi hukusanyika juu, na tope hutokea upande wa pili. Botero baadaye alikuwa mwalimu katika chuo cha EARTH, na mitambo ya aina hiyo ikawa sehemu ya mafunzo.

Teknolojia hiyo ilifika pia Tanzania. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, walishiriki kuipeleka kwa wafugaji wadogo, wakiwamo wa Turiani.

Faida ya mtambo ni mbili. Mama hupika bila kutafuta kuni, na tope linalotoka ni mbolea nzuri kwa migomba na mboga. Udhaifu wake ni kwamba plastiki hutobolewa kirahisi na mifugo, watoto au jua kali. Pasipo uzio, kivuli na mtu wa kuutunza, mtambo hufa mapema.

Hapo ndipo chuo kinapohitajika. Mwanafunzi aliyewahi kuziba tundu la mtambo kwa mikono yake atamsaidia mfugaji. Aliyeuona kwenye mchoro tu ataishia kumwambia anunue mwingine.

Vyuo vya kwetu

Funzo la Costa Rica limeanza kuwafikia vijana wa Afrika. Kuanzia mwaka 2012, mpango wa ufadhili wa Wakfu wa Mastercard uliwawezesha vijana wa nchi za kusini mwa Sahara kusoma EARTH, ingawa iliwabidi kwanza wajifunze Kihispania.

Jirani zaidi, wilayani Bugesera nchini Rwanda, chuo kiitwacho RICA kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2019, kwa ushirikiano wa serikali ya nchi hiyo na Wakfu wa Howard G. Buffett. Mafunzo yake yamejengwa juu ya kilimo hifadhi: udongo usitifuliwe ovyo, ufunikwe wakati wote, na mazao yabadilishwe kwa zamu.

Tanzania nayo haianzi mikono mitupu. SUA, iliyopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984, inamiliki msitu wa asili wa Mazumbai katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, unaotumika kwa mafunzo na utafiti. Vipo pia vyuo vya kilimo vya serikali kama Uyole, Tengeru, Ukiriguru na Ilonga, ambako wamepita maofisa ugani wengi wanaofahamika vijijini.

Swali ni kama elimu ya mazingira katika chuo imekaa kwenye mada moja ya muhula mmoja, au imeingia kwenye kila kazi. Chuo kinaweza kufundisha mmomonyoko asubuhi darasani, na jioni bonde lililo nyuma ya mabweni likaendelea kuliwa na maji ya mvua. Mwanafunzi hujifunza yote mawili, na lile la jioni humkaa zaidi.

Mfano ulio wazi ni mnyauko bakteria wa migomba. Ugonjwa huo uliingia Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaripotiwa mkoani Kagera, ambako ndizi ni chakula na fedha. Hauna dawa ya kutibu mgomba ulioambukizwa.

Kinachouzuia ni maarifa. Ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, huondolewa mapema kwa kijiti chenye panda ili wadudu wasilete maambukizi. Panga husafishwa kwa moto au kwa dawa ya kufanyia weupe nguo kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba mgonjwa huondolewa, na machipukizi ya shamba lenye ugonjwa hayapelekwi kwingine.

Hakuna duka linaloweza kumuuzia mkulima maarifa hayo. Huletwa na ofisa ugani anayeelewa jinsi ugonjwa, wadudu, udongo na tabia za watu zinavyohusiana, na anayeweza kukaa na kijiji kizima mpaka wote wakubaliane. Mmoja akikataa, ugonjwa hurudi kwa jirani zake.

Gharama si kisingizio

Vyuo vingi vitasema EARTH ilikuwa na wafadhili, na ni kweli. Shamba la ndizi, maabara na ufadhili wa wanafunzi havikupatikana kwa fedha kidogo. Ni chuo cha wanafunzi takriban 400, hivyo kila mmoja anaweza kushika jembe na kusimamiwa.

Chuo chenye wanafunzi wengi, walimu wachache na bajeti inayochelewa hakiwezi kuiga kila kitu. Ratiba imejaa, na mwalimu hupimwa kwa idadi ya waliofaulu mtihani, wala haulizwi hali ya shamba la chuo.

Lakini yapo mambo ambayo hayasubiri mfadhili. Kila chuo cha bweni kina jiko, vyoo, paa na jalala.

Jiko ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Chuo kinaweza kulichukua agizo hilo kama usumbufu wa mhasibu. Kinaweza pia kuwapa wanafunzi wapime kuni zilizokuwa zikitumika kwa wiki, walinganishe na gesi au mkaa wa mabaki ya mazao, na waandike ripoti itakayotumiwa na shule za jirani.

Paa likiwekewa mifereji hujaza tangi la kumwagilia kitalu cha miche. Mabaki ya chakula hulisha kuku au kuwa mboji. Plastiki zikitenganishwa na takataka nyingine zina mnunuzi. Kila kimoja kati ya hivyo ni somo, na kila kimoja kina hesabu yake.

Kwa mkulima na mfanyabiashara

Mkulima anayeishi karibu na chuo cha kilimo anayo haki ya kukiuliza maswali. Je, shamba la chuo linavuna kuliko langu, na kwa gharama gani? Je, wanafunzi wanaweza kuja kupima udongo wangu na mwinuko wa shamba, waniwekee makinga maji, nami niwape nafasi ya kujifunzia?

Siku ya wakulima chuoni na maonyesho ya Nane Nane ni nafasi nzuri ya kuuliza. Mara nyingi vipando vya maonyesho hupendeza kwa sababu vimemwagiliwa na kutunzwa kwa wiki kadhaa. Mkulima mwerevu huuliza kipando hicho kilitumia maji, samadi na vibarua kiasi gani, kisha hurudi nyumbani na hesabu badala ya picha tu.

Kikundi cha wakulima kinaweza kumpokea mwanafunzi wa mazoezi kwa msimu mmoja. Apewe kazi mahususi, kwa mfano kuandika kila pembejeo iliyoingia na kila gunia lililotoka. Msimu ukiisha, kikundi kitakuwa na kumbukumbu ambazo hata benki au chama cha kuweka na kukopa kitapenda kuziona, na mwanafunzi ataondoka akijua maisha ya mkulima yalivyo.

Mfanyabiashara mdogo naye ana nafasi yake. Chuo chenye mamia ya wanafunzi ni soko la mboga, maziwa, mkaa wa mabaki, miche na majiko sanifu. Ni chanzo pia cha bidhaa: chupa za plastiki, karatasi, mabaki ya chakula ya kulishia nguruwe na samadi ya kuuza. Anayekwenda na mpango ulioandikwa, bei na siku za kukusanya ana nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko anayepita na toroli bila ahadi.

Vyuo, kwa upande wao, vinapaswa kukumbuka kwamba mkulima haangalii vyeti ukutani. Huangalia shamba. Chuo ambacho udongo wake umepauka na jalala lake linafuka moshi kitapata shida kumshawishi achimbe makinga maji au aache kuchoma majani.

Mfuko wa bluu wa Limón ulikuwa takataka hadi siku wanafunzi walipoambiwa wauokote na watafute njia nyingine. Kila chuo kina mfuko wake wa bluu. Kwa kingine ni rundo la kuni nyuma ya jiko, kwa kingine ni korongo linalokua kila masika. Wanafunzi wakikabidhiwa tatizo hilo kama kazi ya mwaka, wakalipima, wakalipunguza na kuonyesha hesabu yake, bwana shamba ajaye atafika kijijini akiwa na jambo la kumwonyesha mkulima, mbali na lile la kumwambia.